Gari Limehesabiwa, Miguu ya Mama Mkwe Bado

Kama kuna watu katika nchi hii waliohesabiwa wakahesabika, ni sisi wa Kisesa. Wenzetu huhesabiwa siku ya sensa, mara moja kila miaka kumi, kisha wanaachwa wapumzike. Sisi, tangu 1994, watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, ya Mwanza wanapita nyumba kwa nyumba vijijini kwetu wakiuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kahamia, na nani hasa anaishi humu ndani. Hilo swali la mwisho limewahi kuwatoa jasho wanaume kadhaa ninaowafahamu.

Sinung'uniki kuhesabiwa. Kutokana na hesabu hizo dunia imejifunza mengi kuhusu UKIMWI vijijini, na jina la Kisesa linasomwa katika vyuo ambavyo wasomi wake hawajui kuwa sisi ni watu wa kando ya barabara ya Musoma, tunaouza nyanya na kugombea haisi za Igoma. Ninachonung'unikia ni hiki: mtu aliyehesabiwa namna hii angetegemea kwamba siku akiugua, dawa itakuwa inamfahamu kwa jina. Jumanne iliyopita nilikwenda kuhakikisha. Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amekuja kuwaona wajukuu kutoka kijijini kwao, ukipita Ngudu, wilayani Kwimba. Alikuja na kuku mmoja, kiroba cha michembe, na presha. Kuku tulimla Jumapili. Michembe bado ipo. Presha ndiyo iliyotuamsha alfajiri ya Jumanne, kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu.

Nikaita bodaboda. Kijana akafika, akatupima kwa macho, akasema, "Mwalimu, pandeni wote tu, mshikaki."

Nilimtazama kama mtu aliyenitukania ukoo. Msomaji ambaye si Msukuma nikueleze: mama mkwe si mtu wa kubanana naye kwenye kiti cha pikipiki. Huyo ukikutana naye njiani unapisha, unainama, unaamkia kwa adabu zote. Sasa nimshike kiuno, au yeye anishike mimi, mbele ya soko zima? Hata kama ni mgonjwa, hata kama ninalia, ukoo utaniuliza. Ikabidi tukodi bodaboda mbili, moja ya mgonjwa na moja ya heshima. Shilingi 2,000 kila moja. Andika pembeni: 4,000.

Zahanati tuliyokwenda siitaji. Ukiifahamu, kaa nayo moyoni. Nesi alikuwa mmoja. Namsifu huyu dada, maana alikuwa na miguu miwili na kazi nne: anapima uzito wa watoto, anachoma sindano, anaandikisha wajawazito, na kengele ikilia dirishani anakimbilia huko. Wagonjwa wenyewe tulikaa kwenye benchi tukisogea kila anapoinuka mtu, ukutani tukisoma tangazo la kuwapisha wazee wahudumiwe kwanza. Tatizo ni kwamba siku hiyo benchi zima lilikuwa la wazee. Walipishana mpaka wakachoka.

Ilipofika zamu yetu nikaambiwa nikanunue daftari. Shilingi 500. Lilikuwa daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, nami ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilijisikia niko kazini.

"Bibi ana miaka mingapi?" nesi akauliza.

"Nilizaliwa mwaka mvua iligoma," mama mkwe akajibu.

"Bibi yangu, mvua imegoma miaka mingi."

Tukakubaliana kuandika sabini na kitu. Hapo nikafurahi kimoyomoyo, maana sera yetu ya afya inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, pamoja na wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Ndipo likaja swali lililoharibu asubuhi yangu: "Ana uwezo, au hana?"

Mama mkwe alikuwa amevaa vitenge vipya, doti nzima, na kilemba. Hakuvaa hivyo kwa ajili ya zahanati. Alivaa kwa ajili yangu, kwa sababu mwanamke wa heshima hatoki na mkwewe akiwa na khanga ya shambani. Ili apate msamaha ilibidi aonekane maskini, na yeye mbele ya mkwe wake hawezi kuonekana maskini, hata akiwa anazimia. Isitoshe, barua ya mtendaji ya kuthibitisha kwamba hana uwezo inatoka kijijini kwake, na kijiji chake kiko Kwimba.

Akainua kidevu. "Andika uwezo upo."

Uwezo ulikuwepo kweli, mfukoni mwangu. Shilingi 2,000 ya kumwona mganga.

Msomaji mwerevu tayari ananiuliza: Mwalimu, wewe si mtumishi wa umma? Kadi yako ya bima iko wapi? Kadi ninayo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, na tangu niajiriwe nakatwa asilimia tatu ya mshahara, mwajiri akiongeza tatu nyingine. Kadi hiyo inabeba watu sita. Nihesabu nawe: mimi mmoja, mke wangu mama Kulwa wa pili, Kulwa wa tatu, Doto wa nne, Shija aliyefuata mapacha wa tano. Imebaki nafasi moja, na wazee wanaosubiri ni wawili: mama yangu mzazi na mama mkwe. Nilimwandika mama yangu. Ilikuwa miaka mitano iliyopita. Mama Kulwa alinyamaza siku ile, na kimya hicho bado tunakaa nacho, tumekizoea kama fenicha.

Wala usidhani niko peke yangu. Jirani yangu, fundi baiskeli, alijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa 2018: wakati ule shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Bei nzuri. Sasa yeye ana watoto wanane. Kila mwaka kadi inapokaribia kuisha, hukaa na mkewe usiku kupanga timu. Aliyelazwa mwaka jana anapewa namba moja kwa moja. Mwenye pumu ni mchezaji wa kudumu. Waliobaki wanakaa benchi na kuambiwa wasipande miti. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na siku ile fundi alinijia mbio na spana mkononi kuniuliza, "Mwalimu, hilo neno 'wote' linaanza na wa ngapi?"

Turudi zahanati. Mganga alimpima mama mkwe kwa upole, akasema presha iko juu, akaandika vidonge vya aina mbili. Tukapiga foleni ya dirisha la dawa. Mama mkwe akasikia njaa. Chai na maandazi kwa mama lishe wa getini, 1,500. Andika. Dirisha likafunguliwa, nesi yule yule akachungulia na kusoma daftari.

"Hii ya maumivu ipo. Hii ya presha imeisha. Mkanunue nje."

Nje ni hatua ishirini kutoka getini. Duka la dawa muhimu lilikuwa nazo, zimepangwa kama sabuni. Vidonge vya mwezi mmoja, shilingi 6,000. Nimewahi kujiuliza kwa nini zahanati inaishiwa dawa na duka la jirani haliishiwi. Jibu nililopewa na mtu anayejua ni la kusikitisha zaidi kuliko malalamiko niliyokuwa nimeyaandaa. Zahanati huagiza Bohari ya Dawa kwa vipindi, na kiasi kinachoagizwa hutokana na kilichotumika kipindi kilichopita. Sasa fikiri kama mwalimu wa hesabu. Dawa ya presha ilikuwa haipo wiki sita. Ilikuwa haipo, kwa hiyo haikutumika. Haikutumika, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana wazee wetu wamepona. Fomu ina sehemu ya kujaza siku ambazo dawa ilikosekana, ili hesabu irekebishwe. Lakini anayeijaza ni yule dada mwenye miguu miwili na kazi nne.

Mwenye duka, yeye hahitaji fomu. Anakuona unatoka getini umekunja uso, anajua mahitaji.

Zamani ilikuwa rahisi zaidi, na mbaya zaidi. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, zahanati za vijijini zilipokea dawa katika maboksi yaliyofungwa tayari, na yaliyomo yalikuwa yale yale kwa kila zahanati. Iwe nyanda za baridi ambako mbu ni mgeni, iwe huku kwetu ziwani ambako mbu ni jirani na kichocho ni cha kuogelea nacho, boksi ni lile lile. Ilikuwa haki ya aina yake, haki ya mama Kulwa anaponunua viatu vya mapacha: pea mbili, saizi moja, asionekane kupendelea. Miguu ya Doto ni mikubwa kuliko ya Kulwa. Doto hutembea Ijumaa nzima akichechemea kwa usawa.

Tukarudi nyumbani kwa bodaboda mbili, 4,000 nyingine. Mama mkwe akameza dawa, akalala. Mimi nikakaa barazani kununa, na mwalimu akinuna huwa anatafuta ubao.

Nilinuna kwa sababu, msomaji, fedha za afya zinazoshuka wilayani zina kanuni. Sikuamini nilipoisoma mara ya kwanza; nilidhani zinagawanywa kwa kufahamiana. Zamani hakukuwa mbali na hapo: wilaya yenye hospitali na vitanda vingi ilipata nyingi, kwa kuwa ilikuwa na pa kuzitumia. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Mwaka 2004 hivi ikaja kanuni mpya ya mgao, na ilivyoandikwa mwanzo ilikuwa hivi. Asilimia 70 inafuata idadi ya watu. Asilimia 10 inafuata umaskini. Asilimia 10 inafuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Na asilimia 10 ya mwisho inafuata urefu wa njia ya gari la idara ya afya ya wilaya linapozungukia vituo vyake.

Ni kanuni yenye akili. Sisemi kwa kejeli. Mtu aliyekaa akafikiri kuwa Magu si Ilala, kwamba petroli ya kufika kijiji cha mwisho nayo ni matibabu, huyo mtu namheshimu. Ndiyo maana nikaamua kuijaribu nyumbani.

Jioni hiyo kulikuwa na sato mmoja mkubwa, wa kumpa pole mgonjwa. Nikamwambia mama Kulwa apumzike, leo nagawa mimi, kwa kanuni ya serikali. Nikachora daftarini. Asilimia 70 ya sato kwa vichwa: watu sita, kila kichwa sawasawa. Asilimia 10 kwa umaskini: hapo nikajipa mimi, maana nilikuwa nimemaliza mshahara. Asilimia 10 kwa vifo vya watoto: Mungu ametunusuru, nikairudisha chunguni. Asilimia 10 kwa umbali: nani ametembea zaidi leo? Kulwa na Doto wakaanza kugombana papo hapo, kila mmoja akidai shule yake iko mbali zaidi. Wanasoma shule moja.

Shija, mwenye miaka minne, alipata kipande sawa na cha mama yake na hakuweza kukimaliza. Doto alimaliza chake na sahani nusura aimalize. Mama mkwe, mgonjwa ambaye sato alinunuliwa kwa ajili yake, alipata mkia, kwa sababu kanuni haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu ni mgonjwa. Mama Kulwa akanitazama kwa macho yale ya nafasi ya sita.

"Baba Kulwa, chakula kinagawiwa kwa njaa. Unagawa kama unalipa mishahara."

Mama mkwe yeye hakukasirika. Mgeni hakasiriki kwa mkwe. Akaula mkia wake kwa adabu, akanawa, kisha akasema, kama anayezungumza na ukuta, maana moja kwa moja hasemi nami sana: "Kwetu nikigawa nyama ya sherehe, naanza na aliyekaa mbali na chungu. Wa karibu hata nikimsahau atalamba mwiko."

Nimefundisha hesabu miaka kumi na tisa. Sijawahi kufuta ubao mzima kwa sentensi moja.

Mama mkwe hayuko peke yake: huko Wales, Uingereza, daktari mmoja wa wachimba makaa ya mawe aliyeitwa Julian Tudor Hart aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya tiba huwa haba hasa pale inapohitajika zaidi. Dunia ya waganga ikampigia makofi na bado wanalisoma andiko lake. Mwaka huo huo, 1971, hospitali ya Bugando ilifunguliwa juu ya kilima chake hapa Mwanza. Nasi tunaishukuru Bugando. Kanda ya Ziwa nzima inakimbilia pale. Lakini ukiwa unaingia mjini unaiona mlimani, kubwa, imesimama kama chungu cha sherehe. Kuiona si kuifikia. Na sisi wa Kisesa tuna kituko chetu zaidi: tuko mlangoni mwa jiji, Igoma pale tunapiga kelele wanasikia, lakini kwa ramani tuko Wilaya ya Magu. Hospitali ya wilaya yetu iko mashariki, mbali, na jiji lenye hospitali za rufaa liko magharibi, karibu. Mgonjwa wa kwetu akiwa na karatasi mkononi ana haki ya kujiuliza aelekee upande gani: wa mkoa, wa wilaya, au wa kwao.

Na hili la umbali si maneno ya baraza. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure nchini, waliopimwa Kisesa na kukutwa na maambukizi walipewa rufaa kwenda Bugando, kilomita kama 20. Dawa bure. Daktari bure. Watafiti wale wale wanaotuhesabu wakafuatilia, wakaona kwamba baina ya karatasi ya rufaa na kitanda cha kliniki watu walikuwa wanapotea njiani, na nauli ilikuwa mojawapo ya sababu. Miaka michache baadaye huduma ikasogezwa mpaka Kisesa yenyewe. Hapo ndipo nilipoacha kukasirikia madaftari yao. Kuhesabiwa kuna faida pale hesabu inapotembea mpaka kwenye mgao.

Wenzetu wa Rufiji na Morogoro Vijijini walionyesha hilo mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika mradi uliojulikana kama TEHIP, wilaya zile mbili zilianza kutazama watu wanakufa kwa nini hasa, kisha zikalinganisha na bajeti. Zikagundua kuwa fedha na vifo vilikuwa vimepitana kama mabasi usiku: malaria na maradhi ya watoto yaliua wengi na kupewa kidogo. Wakahamisha fedha zifuate ugonjwa, wakaongezewa nyongeza isiyofika dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Katika miaka michache vifo vya watoto wadogo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Hawakujenga hospitali nyingine ya Muhimbili. Waligawa upya kilichokuwemo chunguni.

Sasa nirudi kwenye manung'uniko yangu, maana nikisifu sana mhariri atadhani nimepandishwa daraja. Kanuni ya mgao inafika wilayani, ikikaa vizuri. Kuanzia hapo kwenda chini, mambo mengi yanaendeshwa kwa desturi. Chukua ujenzi wa zahanati. Mpango wa afya ya msingi wa 2007 hadi 2017, ule wa MMAM, ulisema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Neno zuri. Utaratibu ni kwamba wananchi wanapandisha jengo kwa nguvu zao mpaka kwenye lenta, kisha serikali inamalizia. Kijiji chenye maduka, wastaafu na mbunge aliyezaliwa pale kinafika lenta mwaka mmoja. Kijiji cha mbali, ambacho mchango wake ni mawe na dagaa, kinafika dirishani na kukaa hapo. Kila ukipita vijijini utayaona hayo maboma, mbuzi wanalala wodini. Kisha anakuja mtu wa kumalizia, na anamalizia wapi? Palipofika lenta. Aliye karibu na chungu amelamba mwiko, na mwiko wenyewe wakampa.

Au chukua hiyo asilimia 10 ya barabara, niipendayo. Inapima kilomita za gari. Gari lina injini. Gari halina presha. Hakuna mahali katika kanuni palipoandikwa kilomita za mama mkwe, kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye dirisha la dawa, na kurudi akiwa mikono mitupu. Gari la idara likifika zahanati na kukuta dawa haipo, dereva anageuza. Mama mkwe akigeuza, jua liko utosini.

Na hata hiyo asilimia 70 ya vichwa inahitaji vichwa vya leo. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mwanza na watu 2,772,509. Ya 2022 ikaukuta na 3,699,872. Watu zaidi ya laki tisa wameongezeka katikati, na kwa macho yangu naona kuwa wengi wa wale wanaoliona jiji ni ghali wanajenga huku kwetu, kando ya barabara ya Usagara hadi Kisesa na zaidi. Wanakuja na matofali, watoto na vikohozi. Benchi la zahanati ni lile lile.

Jumatano asubuhi nilimwambia mama mkwe nimepiga hesabu ya matibabu yake ya jana. Mwalimu hana dawa nyingine ya hasira ila kujumlisha. Bodaboda kwenda, 4,000. Daftari, 500. Kumwona mganga, 2,000. Chai, 1,500. Dawa, 6,000. Bodaboda kurudi, 4,000. Jumla, shilingi 18,000, kwa mtu wa umri ambao sera, akiandikwa hana uwezo, inataka asilipe kitu. Na barabara peke yake, ambayo kanuni imeipa asilimia 10, imekula 8,000. Hiyo ni asilimia 44.

"Nusu ya hiyo ya barabara ni heshima yako," mama Kulwa akasema kutoka jikoni. "Ungempakia bodaboda moja akaenda na Kulwa."

Sikujibu. Mwanamume mwenye nafasi sita kwenye kadi hana mdomo. Nilichoamua, mwezi ujao nitakwenda kuulizia utaratibu wa kubadili wategemezi, na nitamwomba mama yangu mzazi anisamehe, maana yeye anaishi hatua kumi kutoka kituo cha afya na mwenzake anaishi ukipita Ngudu.

Wewe msomaji nina neno moja nawe. Kila kituo cha afya cha umma na kila zahanati ina kamati yake, ndani yake wamo wananchi tunaowachagua sisi, na miongoni mwa kazi zao ni kushuhudia dawa zinapopokelewa. Tangu 2017 fedha nyingine huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo ndiyo inayokaa kupanga zitumikeje. Siku wajumbe wa huku walipochaguliwa, mimi nilikuwa nyumbani nasahihisha madaftari, na wewe ulikuwa unatazama Simba na Yanga. Tulijua alama zote za wanafunzi na magoli yote ya msimu, na hatukujua jina la mjumbe hata mmoja. Mkutano ujao wa kijiji twende. Tukifika tusianze kwa kulaumu, tuanze na swali la mama mkwe: katika wote tuliohesabiwa hapa, ni nani amekaa mbali zaidi na chungu? Mgao uanzie kwake.